Riwaya tatu za vita vya Palestina: uanze na Kurudi Haifa, Bab al-Shams au Mornings in Jenin?

Watu wakiulizana riwaya ya kihistoria ya kusoma kuhusu Wapalestina na vita vya 1948 yanatajwa majina yale yale matatu, Ghassan Kanafani, Elias Khoury na Susan Abulhawa, halafu kila mtu anasifia ile aliyoisoma yeye na aliyeuliza anabaki palepale. Mimi nimezisoma zote na msimamo wangu nausema mapema: ukiwa na jioni moja tu soma ya Kanafani, ukiwa na mwezi mzima na moyo wa kuvumilia soma ya Khoury, na ile ya Abulhawa mpe mtu ambaye hajawahi kusoma chochote kuhusu habari hizi na hapendi riwaya ya kumzungusha. Ila kwangu Bab al-Shams ya Khoury ndo kubwa kuliko zote, na hapa nitaeleza kwanini, na pia kwanini sikushauri uanze nayo.

Historia kwa ufupi kwanza, manake waandishi wote watatu hawakai chini kukufundisha. Waingereza walikuwa waondoke Palestina katikati ya Mei 1948 na kabla hata hawajafunga mizigo vita kati ya Wayahudi na Waarabu ilikuwa ishapamba moto. Tarehe 9 Aprili yakatokea mauaji ya Waarabu wa kijiji cha Deir Yassin karibu na Jerusalem, habari zikafika kila kijiji na watu wakaingiwa na hofu ya kweli, haikupita wiki mbili, tarehe 21 na 22 Aprili, Haifa ikaanguka na Waarabu wake wengi wakajikuta wamesukumwa hadi bandarini wanapanda mashua bila kujua wanakwenda wapi. Akka, mji wa pwani, ikaanguka Mei, vijiji vya Galilaya kule kaskazini vikaendelea kuanguka hadi mwisho wa Oktoba. Mpaka bunduki zinanyamaza Wapalestina zaidi ya 700,000 wako nje ya makwao na vijiji zaidi ya 400 vimebaki bila wenyewe. Wao wanauita mwaka ule Nakba, yaani msiba mkubwa. Halafu Juni 1967 Israel ikauteka Ukingo wa Magharibi na Gaza, na hapo kukatokea jambo la ajabu, watu waliokimbilia Ramallah, kwenye Ukingo huohuo, miaka ile wakaweza kupanda gari kwenda Haifa kuangalia nyumba zao, kuangalia tu.

Kurudi Haifa, kwa Kiingereza utaikuta kama Returning to Haifa, inaanzia hapohapo. Kanafani aliitoa 1969, habari bado mbichi. Yeye mwenyewe alizaliwa Akka 1936 na alikuwa na miaka 12 familia yake ilipokimbia, baadaye akawa mwalimu, mwandishi wa habari na msemaji wa PFLP, chama cha Wapalestina kilichobeba silaha dhidi ya Israel, na tarehe 8 Julai 1972 bomu lililotegwa kwenye gari lake pale Beirut likamuua yeye pamoja na binti wa dada yake, Lamis. Ukijua hivyo utaelewa kwanini anaandika kama mtu asiye na muda wa kupoteza. Riwaya yenyewe haifiki kurasa 100. Said na mkewe Safiyya wanatoka Ramallah kwenda Haifa, na ndani ya gari wanaongea kila kitu isipokuwa kile kilichowapeleka, kwamba siku ile ya Aprili 1948 Safiyya alitoka kidogo kumtafuta mumewe barabarani, umati ukamzoa, na mtoto wao wa miezi mitano, Khaldun, akabaki kitandani. Sasa wanagonga mlango karibu miaka 20 baadaye na anayefungua ni Miriam, mama wa Kiyahudi aliyetoka Poland, ambaye baba yake aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Mtoto imekuwaje sikuambii, ingawa wengi mtakuwa mshasikia. Nataka nikuonyeshe kitu kidogo tu humo ndani. Said anapokaa sebuleni kwake mwenyewe kama mgeni anaona vitu vyake bado vipo, na kwenye chombo cha mbao kuna manyoya ya tausi. Anayahesabu. Yako matano, na yeye anakumbuka vizuri kabisa yalikuwa saba. Anamuuliza Miriam yale mawili yako wapi na Miriam hajui, anasema labda mtoto aliyachezea alipokuwa mdogo yakapotea. Basi, hakuna kelele hapo, hakuna mtu anayelia, lakini ukikaa ukifikiria ni mtoto gani huyo aliyechezea manyoya, na nani alikuwa anamwangalia akicheza, na baba yake alikuwa wapi wakati huo, kitabu kinakuweka chini. Kanafani ana uwezo huo, anachukua kitu cha sebuleni anakwambia nacho habari ya mji mzima.

Bab al-Shams, kwa Kiingereza Gate of the Sun, ilitoka kwa Kiarabu 1998 na ina tukio linalofanana na hilo kabisa, na hapo ndo utaona tofauti ya waandishi hawa wawili vizuri kuliko mahali pengine popote. Um Hassan ni mkunga, amezalisha nusu ya Shatila, kambi ya wakimbizi wa Kipalestina kule Beirut, na siku moja anapata nafasi ya kwenda kuona nyumba yake kijijini al-Kweikat, Galilaya. Anafungua mama wa Kiyahudi, anamkaribisha ndani, na mtungi wa maji wa Um Hassan bado uko palepale, yule mama anamwambia tumeukuta hapahapa. Wanakunywa kahawa. Kisha linakuja lile ambalo msomaji halitegemei, yule mwenyeji anamuuliza mgeni unaishi wapi siku hizi, Um Hassan anajibu Beirut, na mwenyeji anabadilika uso, kumbe naye ni mtu wa Beirut, wa mtaa wa Wadi Abu Jmil uliokuwa mtaa wa Wayahudi, aliletwa akiwa msichana wa miaka 12, na hajawahi kuipenda nchi hiyo waliyompa. Anamwambia we unaishi Beirut halafu unakuja hapa kulia, anayepaswa kulia ni mimi, nirudishie Beirut yangu uchukue ardhi yako yote hii.

Ona sasa. Kwa Kanafani wenye nyumba wa zamani na wa sasa wanakaa pande mbili za meza na hoja inanolewa mpaka inakata, nani mzazi, nani ana haki, nchi ni nini, na mwisho unatoka na jibu lake mkononi hata kama hulikubali. Kwa Khoury hoja inayeyuka katikati ya vikombe vya kahawa na unabaki na wanawake wawili ambao kila mmoja anaishi kwenye mji wa mwenzake. Ya kwanza inakufanya usimame, ya pili inakufanya ukae kimya muda mrefu. Kwa sisi ambao tuna jamaa walioondoka Unguja 1964 wakaenda Muscat, na tumesikia wazee wakitaja mlango flani na baraza flani huku wakijua kuna watu wengine wanalala humo sasa, mambo haya hayako mbali hata kidogo, ingawa vita ni vingine na sababu zake ni nyingine, na siku zote nashangaa hatuzisomi riwaya hizi kwa wingi kuliko tunavyozisoma.

Ugumu sasa, manake hapa ndo wengi wanaposhindwa. Kurudi Haifa inakwenda moja kwa moja, safari, mlango, mazungumzo, kurudi. Bab al-Shams inazidi kurasa 500 na haina mstari. Khalil, tabibu ambaye udaktari wenyewe aliusoma miezi mitatu tu China, anakaa kando ya kitanda cha mzee Yunes kwenye hospitali iliyochoka ya Shatila, mzee yuko kwenye koma na wenzake wote washamkatia tamaa, yeye anaamini akiendelea kumsimulia hadithi hatakufa. Basi anasimulia usiku kucha miezi na miezi. Anaanza habari ya kijiji kimoja, anakatiza, anakumbuka mtu mwingine, anarudi baada ya kurasa 40 na kumbe ile hadithi ya mwanzo haikuwa hivyo alivyosema, kuna aliyemsimulia tofauti. Majina ni mengi, vijiji ni vingi, na hakuna anayekuonya sasa tumehama mwaka. Mara ya kwanza niliichukia sehemu ya kati. Lakini Khoury alikuwa amekaa miaka akisikiliza wakimbizi kambini wakisimulia yao, na wazee wanasimulia hivyohivyo, hakuna bibi anayeanza 1948 akamaliza 1982 kwa mpangilio, kwa hiyo nikaacha kupambana nayo nikaisoma vile unavyomsikiliza mtu mzima, na ikafunguka.

Tena Khoury hakuwa Mpalestina, alikuwa Mlebanoni Mkristo wa Ashrafiyeh, Beirut, alizaliwa mwaka huohuo wa 1948 na amefariki Septemba 2024. Pengine ndo maana aliweza kuandika jambo ambalo Kanafani hakuliandika na wala wakati wake ulikuwa haujafika, yaani Waarabu wakiumizana wenyewe kwa wenyewe. Ukiitafuta riwaya inayoonyesha jamii ya Waarabu imo vitani na pia imo vitani na nafsi yake, ni hii, hizo nyingine mbili hazifiki huko. Shatila si mahali pa kuelezwa kwa mkato: tarehe 16 hadi 18 Septemba 1982 wanamgambo wa Kikristo wa Lebanon waliingia Sabra na Shatila wakaua raia huku jeshi la Israel limelizunguka eneo zima, halafu kuanzia 1985 kambi hizohizo zikazingirwa tena kwenye vita vya kambi, safari hii na wanamgambo wa Kishia wa Amal, na hapo hakuna Myahudi wala Mkristo, ni Mwarabu Mwislamu na Mwarabu Mwislamu na njaa. Khalil ameyapitia hayo. Na ndani ya kambi yenyewe kuna kisasi, mwanamke aliyempenda, Shams, amemuua mwanaume aliyemchezea kwa ahadi ya ndoa na yeye Shams naye akauawa na watu wa yule mwanaume, na Khalil anahofia kwamba zamu yake inakuja, kwa hiyo ile kujifungia hospitalini na mgonjwa haikuwa huruma peke yake. Mwandishi anakuacha na mashaka hayo mpaka mwisho, huyu mtu anamlinda mzee au anajificha nyuma yake.

Na Yunes mwenyewe, yule fidai, yaani mpiganaji wa Kipalestina, shujaa ambaye kila mtu anamwimbia, alikuwa akivuka mpaka wa Lebanon usiku kwenda Galilaya kuonana na mkewe Nahila pangoni, hilo pango ndo linaitwa Bab al-Shams. Wanawake ni mahali pengine ambapo mizani inaelemea kwa Khoury. Safiyya wa Kanafani analia sana na anaongea kidogo, karibu fikra zote nzito kapewa Said, na nadhani huo ndo udhaifu mkubwa wa Kurudi Haifa, mama aliyemwacha mtoto kitandani alistahili kurasa zake. Nahila ni habari nyingine. Mumewe anavuka mpaka anampa mimba anaondoka, tumbo linaonekana, wanajeshi wanamkamata wanamhoji, mumeo yuko wapi na mimba hii umeitoa wapi. Akisema ni ya mume wake wanajua mume anakuja. Basi anawaambia mimi ni malaya, andikeni hivyo. Mbele ya kijiji kinachomjua, mwanamke mwenye heshima zake, anajivunjia jina ili mume aendelee kuwa hai na kuendelea kuitwa shujaa. Na baadaye sana, siku moja wakiwa chini ya mzeituni, anamwambia yule shujaa ukweli wa maisha yake, watoto wamesomaje, wamekula nini, yeye Yunes alipokuwa anapita kama hadithi huko milimani nani alikuwa anabeba mzigo. Kurasa hizo peke yake zinatosha kukununulisha kitabu.

Ukitafuta mapigano yenyewe, risasi na mbinu za vita na ramani, nikwambie tu hutavipata sana kwenye yoyote. Khoury anayo zaidi kidogo, vijiji vinavyojaribu kujilinda na bunduki chache na jeshi la uokozi la Waarabu likirudi nyuma bila watu kuelewa kwanini. Kanafani ana ule mji wa Haifa unaoanguka ndani ya siku moja, kurasa chache sana lakini unausikia umati.

Mornings in Jenin nimeichelewesha makusudi. Susan Abulhawa ni binti wa wakimbizi, alizaliwa Kuwait 1970, anaishi Marekani, na kitabu kakiandika kwa Kiingereza moja kwa moja, kwanza kilitoka 2006 kwa jina la The Scar of David na 2010 kikatoka upya kwa jina hili. Inafuata familia moja, Abulheja wa kijiji cha Ein Hod, vizazi vinne, kutoka mashamba ya mizeituni hadi kambi ya Jenin, Beirut, Philadelphia na kurudi tena Jenin 2002, jeshi la Israel lilipoivamia kambi. Humo pia kuna mtoto anayepotea 1948, mwanajeshi wa Israel anamchukua katikati ya vurugu na kumpelekea mkewe aliyenusurika mauaji ya Wayahudi kule Ulaya na hawezi kuzaa, na Abulhawa mwenyewe haifichi kwamba wazo limetoka kwa Kanafani. Inasomeka haraka, mwanzo uko mwanzo na mwisho uko mwisho. Baba anamsomea binti yake Amal mashairi alfajiri kabla ya kwenda kazini, na ukiipenda familia hiyo, na utaipenda, kila vita inayokuja inakupiga nyumbani. Kasoro yake ni kwamba kila msiba wa historia ya Palestina lazima uikute familia hiyohiyo, 1948, 1967, 1982, 2002, hakuna unaowapita pembeni, na kuna kurasa ambapo nilihisi nimeshikwa mkono nielekezwe mahali pa kulia. Khoury hafanyi hivyo kamwe. Lakini nimeona vijana wa sekondari wakiimaliza kwa siku chache na baadaye wakaanza kuuliza maswali ya historia wenyewe, sasa utasema nini.

Kuhusu Wayahudi walivyochorwa, swali hili huwa linaulizwa, hakuna hata moja inayowafanya mashetani. Miriam wa Kanafani siku za mwanzo Haifa aliona vijana wa Haganah, jeshi la Wayahudi kabla ya Israel kuundwa, wakitupa maiti ya mtoto wa Kiarabu kwenye lori kama gogo na tangu hapo hakuwa na raha na nchi ile, na mwandishi aliyeandika hivyo alikuwa msemaji wa chama kilichobeba silaha. Hilo linanifanya nimheshimu sana.

Mambo ya kupata vitabu. Kurudi Haifa haiuzwi sana peke yake kwa Kiingereza, imo kwenye mkusanyo unaoitwa Palestine's Children pamoja na hadithi fupi nyingine, wafasiri ni Barbara Harlow na Karen Riley. Bab al-Shams ilifasiriwa na Humphrey Davies na tafsiri hiyo ndo iliyopata tuzo ya Banipal ya tafsiri kutoka Kiarabu, ya kwanza kabisa, 2006, kwa hiyo usikubali kupewa muhtasari wa mtu. Kwa wanaojua Kiarabu cha kusoma, Kanafani anasomeka bila shida kubwa, sentensi zake fupi na safi, ila kwa Khoury utakutana na lugha ya mitaani ya Palestina na Lebanon na itakubidi uwe na subira. Kuna na filamu ya Bab al-Shams ya Yousry Nasrallah wa Misri, 2004, sehemu mbili na inazidi saa 4, nzuri hasa ile sehemu ya kwanza ya kijijini, ila iangalie baada ya kusoma, ukiangalia kabla sura za waigizaji zitakukalia kichwani.

Kwa kikundi cha kusoma mnaokutana mara moja kwa mwezi, chukueni Kanafani bila kufikiria mara mbili, kila mtu atakuwa amemaliza na mtagombana vizuri kuhusu yule mtoto. Kwa mtoto wa miaka 16 au mzazi anayependa stori ya familia, Abulhawa, ila umwambie mapema kuna vifo vingi na vingine vya watoto. Kwa mtu anayesoma peke yake usiku na hana haraka, Khoury. Na kama umeamua zote, basi Kurudi Haifa kwanza, ukimaliza usipumzike sana, ingia Bab al-Shams na usome angalau mpaka Um Hassan aingie kwenye ile nyumba ya al-Kweikat, iko kwenye sehemu ya kwanza ya kitabu. Ikikushika hapo hutaiacha tena, isipokushika iweke pembeni, soma Mornings in Jenin katikati, majina ya miji na miaka yakishakukaa utarudi kwa Khoury na hutasumbuka.